Makala Aliyokuja Kuichukua

3 Oktoba

Leo daktari aliongea na Sabina, hakuongea na mimi. Alimweleza binti yangu habari za moyo wangu kama fundi anavyomweleza mwenye gari: pampu imechoka, maji yanajaa miguuni, dawa zitasaidia kwa muda.

"Muda gani?" nikauliza.

Akageuka akanitazama kana kwamba gari lenyewe limesema. "Mzee, hayo tumwachie Mungu."

Nimesahihisha mitihani ya chuo kikuu maisha yangu yote. Mtu anayekwepa swali namjua.

Padre akija nitamwambia ya kumwambia padre. Hapa nitaandika mengine, yale ambayo mtu akiyasema kwa mdomo huyapunguza. Kwa atakayesoma: mimi ni Profesa Machibya, mstaafu, nimefiwa na mke, naishi Buswelu na binti yangu Sabina ambaye anafanya kazi benki mjini. Ndimi niliyeanzisha Jarida la Mbuga na Ziwa, na bado ndimi mhariri mkuu. Tunachapisha kwa Kiswahili tafiti za kilimo, mifugo na uvuvi wa Kanda ya Ziwa. Yametoka matoleo thelathini. La thelathini na moja limekwama, huu ni mwaka wa pili. Nataka litoke kabla sijafa. Sina ombi lingine.

6 Oktoba

Mvua ya kwanza. Sabina amepanga ndoo jikoni.

9 Oktoba

Nimeahidi kusema kweli, basi nianze.

Makala ya kitaaluma haichapishwi mpaka isomwe na wahakiki wawili, watu wanaolijua somo, wasiojua mwandishi ni nani, na mwandishi naye asiwajue. Ndiyo kanuni ya dunia nzima. Lakini nchini kwetu wanaoweza kuhakiki makala kuhusu ukaushaji wa dagaa wa Ziwa Viktoria wakati wa mvua ni watatu. Mmoja alikufa. Mmoja ndiye anayemsimamia mwandishi. Wa tatu ni mimi.

Mwandishi ni Paskazia, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mhadhiri msaidizi anayesomea shahada ya uzamivu. Ni Mkerewe. Kwa miaka minne amekuwa akiwafuata wanawake wanaoanika dagaa kule kisiwani kwao, mchangani na kwenye chanja, akipima wanapoteza kiasi gani mvua ikiwakuta. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizopokea tangu nistaafu. Aliniletea mimi, tena kwa Kiswahili, ili wanawake wale waweze kusomewa mambo yao. Iko kwangu karibu miaka miwili.

Niliwaandikia watu wengi waihakiki. Wengine hawakujibu. Mmoja alijibu kwamba chuo chake hakimpi alama yoyote kwa kuhakiki, kwa hiyo anisamehe. Simlaumu. Kazi hii haina malipo, haina jina, na hakuna anayekuona ukiifanya.

Wiki hii nimeandika maoni ya wahakiki wote wawili mwenyewe. Mhakiki wa Kwanza nimemfanya mpole, mwenye sentensi fupi. Mhakiki wa Pili nimemfanya mkali. Amelalamikia sampuli, amelalamikia jedwali la tatu, amesema hitimisho linakimbia mbele ya ushahidi. Nilifurahi sana kuwa Mhakiki wa Pili. Kwa muda wote huo sikusikia miguu kuuma.

12 Oktoba

Paskazia amerudisha majibu tayari. Kwa Mhakiki wa Pili ameandika: "Ninamshukuru sana mhakiki kwa jicho lake la makini, ambalo limeiokoa makala." Nilicheka mpaka nikakohoa. Sabina akaja mbio na glasi ya maji.

14 Oktoba

Sikukuu ya Nyerere. Ofisi zimefungwa, kwa hiyo Paskazia alipata nafasi ya kuja.

Alifika saa nne na mfuko wa dagaa wakavu, weupe, wasio na mchanga hata punje. Alipiga goti mlangoni ingawa sakafu ilikuwa imelowa.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafua nguo."

"Miguu inaendeleaje?"

"Imenenepa kuliko mwenyewe."

Sabina alileta chai. Tuliongea habari za mvua, habari za mama yake, habari za daraja jipya na watu wanavyolipiga picha. Alimsifia Sabina kwa maandazi. Aliusifia ukuta. Mtu akianza kuusifia ukuta wangu usiopakwa rangi tangu nihamie, najua ana neno.

"Profesa, nilikuwa nawaza kuhusu ile makala."

"Makala nzuri. Ndiyo itakayofungua toleo."

"Asante sana. Ila muda wangu wa usajili chuoni unaisha mwisho wa Desemba. Wameshaniongezea mara mbili. Wanasema kabla sijatetea tasnifu lazima makala iwe imetoka. Isipotoka wananifuta, na mkataba wa kazi unafuata."

"Itatoka."

"Ndiyo, Profesa." Alizungusha kikombe juu ya kisahani. "Kuna jarida moja la Nairobi. Mwenzangu alipeleka yake, wakamjibu ndani ya wiki sita."

"Majarida ya Nairobi ni mazuri."

"Ni mazuri."

"Wana wahakiki wengi."

"Ndiyo. Sasa nilikuwa nasema labda, kama Profesa ataona inafaa..."

Nieleze kwa asiyejua. Makala haiwezi kuwa kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Ni kosa kubwa, linaweza kumfukuzisha mtu kazi. Ili apeleke Nairobi, ilibidi kwanza aniombe aiondoe kwangu, nami niandike sentensi moja kwamba nimeiachilia. Alikuwa amekuja kuomba sentensi hiyo. Nilijua tangu aliposhika kikombe. Nilijua tangu alipopiga goti.

"Sabina!" nikaita. "Mletee Paskazia chai nyingine, hii imepoa."

"Haijapoa, Profesa."

"Imepoa."

Chai ikaja. Nikaanza kumsimulia jinsi tulivyoanzisha jarida, mimi na rafiki yangu Luhende, tukipiga chapa kwenye karatasi ya nta ofisini kwake Butimba. Anakijua kisa hicho. Alikisikia akiwa mwaka wa kwanza. Akakisikiliza chote, akicheka mahali pa kuchekea. Kila aliposogea mbele ya kiti kama mtu anayetaka kusema, nilimwongezea kipande. Karibu saa nane akatazama mawingu.

"Profesa, ngoja nisikucheleweshe kupumzika. Nilikuja kukusalimia tu."

"Karibu tena, mwanangu."

Hakuomba. Kwa hiyo sikukataa. Nimekaa na sentensi hizo mbili tangu aondoke, na kila nikizisoma zinaonekana sahihi, na kila nikizisoma najiona mwizi.

15 Oktoba

Mvua. Nimekula dagaa wa Paskazia na ugali. Watamu.

17 Oktoba

Amepiga simu Sadru, mchapaji wetu wa pale mjini. Baba yake alituchapia toleo la kwanza, yeye ametuchapia yaliyofuata yote.

"Profesa, mashine imekufa kabisa. Kipuri hakipatikani hata Dar. Na hata kikipatikana, nani anachapa majarida siku hizi? Mimi nalishwa na kadi za harusi na kalenda."

"Hata nakala mia?"

"Hata kumi. Weka mtandaoni, Profesa. Hata maharusi wenyewe sasa wanatumiana kadi kwa simu. Nyie wasomi mnangoja nini?"

Amesema kwa upendo. Aliuliza kama nimeshakula. Nilikata simu nikakaa nayo mkononi kama mtu aliyepewa habari ya msiba kabla ya wenzake.

22 Oktoba

Barua pepe kutoka kampuni ya uchapishaji wa mtandaoni. Makao yake sikuyaelewa. Anwani iko nchi moja, namba ya simu nchi nyingine. Anayeandika anajiita Dokta Vincent. Anasema amefuatilia jarida letu kwa muda mrefu na analiheshimu. Kampuni italichukua, italijengea tovuti, itaweka matoleo yote ya zamani ili yasipotee tena, italeta wahakiki wake, na toleo jipya litatoka ndani ya siku chache. Mimi nitabaki Mhariri Mkuu maisha yangu yote.

Nimeisoma mara nyingi. Kiingereza chake kina makosa kwenye sentensi ya kwanza. Ingekuwa makala, Mhakiki wa Pili angeirudisha bila kufika aya ya tatu.

24 Oktoba

Nimesaini. Ni kubonyeza tu mahali kwenye simu, hata kalamu haihitajiki. Bodi ya wahariri tuko watano, na katiba ya jarida, niliyoiandika mwenyewe, inataka wote wakae. Sikumwambia hata mmoja. Luhende angeuliza maswali, na maswali yake ni mazuri, na yangechukua muda.

Nimewatumia makala tano zilizokuwa mkononi, pamoja na maoni ya wahakiki. Ya Paskazia nimeiweka ya kwanza. Nilijiambia: hivi ndivyo ninavyomsaidia. Itatoka kabla ya Desemba, na bado itakuwa yetu.

25 Oktoba

Nimelala vizuri.

2 Novemba

Limetoka! Toleo la Thelathini na Moja. Sabina alinishikia simu karibu na macho. Jina la jarida kwa herufi za buluu, na picha yangu juu, ile ya siku ya kustaafu, nikiwa bado na mashavu. Makala ya Paskazia ndiyo ya kwanza. Nilimtumia ujumbe palepale. Akajibu baada ya saa nzima: "Asante sana Profesa. Mungu akubariki." Nilitarajia maneno zaidi. Nilijiambia ana kazi nyingi.

3 Novemba

Misa. Sabina alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu, watu wakanipongeza.

11 Novemba

Luhende amekuja bila kupiga simu. Ni mdogo kwangu kwa mwaka mmoja na bado anaendesha gari, jambo ambalo linawatisha watu wote wa Butimba. Hakukaa. Alinipa simu yake.

"Soma chini ya makala ya dagaa."

Nikasoma. Baada ya makala zetu tano kulikuwa na nyingine ambazo sijapata kuziona. Upasuaji wa pua. Uimara wa zege kwenye majengo marefu. Mapenzi ya wateja kwa benki za nchi moja ya Asia. Nyingine kuhusu furaha ya wafanyakazi wa hoteli. Nilivuta kwa kidole na zikaendelea kuja. Zote chini ya jina la Mbuga na Ziwa, na juu yake picha yangu, nikitabasamu.

"Ni kosa la mtandao," nikasema.

"Machibya."

"Nitawaandikia."

"Machibya, hawa wanauza nafasi. Mtu yeyote duniani akilipa, anachapishwa, hata akiandika habari za ndoto zake. Walichokitaka kwako ni jina na namba ya usajili. Umewapa ng'ombe, wamechukua zizi." Akavua miwani. "Nani alikaa kikao?"

Nilimrudishia simu yake.

"Nauliza nani alikaa kikao, maana mimi ni makamu mhariri na sikumbuki kukaa."

"Ningekwambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ndiyo kazi yangu! Ulidhani miaka yote hii nakuja kunywa chai?"

Sabina alichungulia kutoka jikoni. Luhende akapunguza sauti, akakaa. Akaifungua makala ya Paskazia. Kampuni, kwa kutaka kuonekana safi, ilikuwa imeweka na maoni ya wahakiki. Aliyasoma polepole, midomo ikicheza. Nilitazama dirishani.

"Huyu Mhakiki wa Pili," akasema mwishoni, "anaandika kama wewe ukiwa na njaa."

Niliendelea kutazama nje.

"Na wa Kwanza ni wewe ukishashiba. Mungu wangu, Machibya."

Akacheka, kicheko kimoja tu, kisha akafunika uso kwa viganja. Nimemfahamu tangu tukiwa vijana. Nilimwona akizika mtoto, na siku ile hakufunika uso.

13 Novemba

Wadudu wa ziwani wameingia mpaka huku, wingu zima. Tumefunga madirisha. Hewa hakuna.

18 Novemba

Paskazia amepiga simu. Alinisalimia, akauliza miguu, akauliza dawa. Kisha akasema chuo kimepitia upya majarida kinayoyatambua, na la kwetu limeondolewa tangu toleo hili. Makala yake haihesabiki.

"Basi ipeleke Nairobi," nikasema. "Haraka. Nitaandika kwamba nimeiachilia."

"Profesa, imeshachapishwa. Niliwauliza. Hawapokei kitu kilichotoka mahali pengine."

Nilikuwa najua. Hiyo ni kanuni niliyokuwa nikiifundisha muhula wa kwanza. Makala hutoka mara moja tu, kama mtoto.

"Nitawaambia kampuni waifute."

"Asante, Profesa," akasema. "Usijichoshe."

20 Novemba

Nimemwandikia Dokta Vincent. Nimejibiwa na mashine kwamba barua yangu ni muhimu kwao.

21 Novemba

Nimeandika tena. Sabina alijaribu kuingia kwenye tovuti kama mhariri mkuu. Inataka neno la siri. Sikuwahi kupewa. "Baba," akasema, "wewe humu ni picha tu."

Hakukusudia ubaya. Ni mtu wa benki, anasema anachokiona.

23 Novemba

Dokta Vincent amejibu. Makala inaweza kuondolewa kwa ada ambayo mshahara wa Paskazia wa mwaka haufiki. Anamalizia kwa kunitakia afya njema.

27 Novemba

Luhende amekwenda kumwona mwenyekiti wa kamati ya uzamili ya chuo cha Paskazia, kijana ambaye Luhende mwenyewe alimfundisha hisabati Butimba. Amerudi na tumaini dogo. Kamati inaweza kumwongezea miezi sita afanye makala nyingine, kwa sharti moja: ithibitike kwamba kosa si lake. Wakiona yeye ndiye aliyechagua jarida bovu na kukaa nalo kimya, wanamfuta. Wakiona alitaka kujitoa akazuiwa, atapona.

"Kwa hiyo aliomba kuiondoa?" Luhende akaniuliza. "Sema kweli."

"Alikuja kuomba."

"Aliomba?"

"Nilimzuia asiombe."

Luhende akanitazama sana. "Unajua nini," akasema, "kwa Msukuma na Mkerewe hiyo ni kuomba. Kwenye karatasi ya kamati sijui ni nini."

Nimeandika. Niliandika mwenyewe, sikumpa Sabina. Nimesema kwamba mimi, mhariri mkuu, nilikaa na makala ya mwandishi huyu karibu miaka miwili. Kwamba wahakiki wawili walikuwa mimi. Kwamba mwandishi aliomba kuiondoa tarehe kumi na nne Oktoba nyumbani kwangu nami nikamkatalia. Kwamba nililikabidhi jarida bila kikao na bila kumjulisha. Nikasaini kwa kalamu.

Neno "aliomba" nililiandika bila kusita. Ndilo neno la kweli kuliko yote yaliyomo, ingawa halikutamkwa.

Luhende alipoichukua alisema, "Nikishaipeleka hii, hakuna chuo kitakachotaja jina lako tena."

"Ipeleke."

5 Desemba

Hospitali. Wamenitoa maji. Mvua haikatiki, nimesikia wagonjwa wawili wakizungumza kwamba mwaka huu dagaa wameoza sana visiwani. Paskazia ameyaandika yote hayo kwenye jedwali la tatu. Nilitaka kuwaambia. Nilikuwa na bomba la hewa puani.

9 Desemba

Nyumbani. Siwezi kulala chali.

12 Desemba

Kamati imekaa leo. Luhende alikwenda akasubiri nje ya ukumbi kama baba wa bibi harusi. Amekuja moja kwa moja, viatu vimejaa tope, Sabina hakumgombeza.

"Waliisoma barua yako," akasema. "Yote. Waliisoma kwa sauti."

"Halafu?"

"Halafu wakamwita ndani. Nilimwambia asubuhi, nikamshika mkono kabisa, nikamwambia: binti, watakuuliza swali moja, nawe utajibu ndiyo. Neno moja. Ndiyo. Akasema sawa, Mwalimu."

Alikunywa maji.

"Mwenyekiti ndiye aliyenisimulia. Wakamuuliza: tarehe kumi na nne Oktoba uliomba kuiondoa makala yako? Akaomba warudie. Wakarudia. Akasema hapana."

"Hapana?"

"Akasema, 'Sikuomba. Nilikwenda kumsalimia. Profesa hajawahi kunikatalia kitu.'"

Nilimwomba Luhende arudie, akarudia. Sabina akatoka nje.

"Wakamwambia afikiri vizuri, maana barua ya Profesa mwenyewe inasema vingine. Akasema Profesa ni mgonjwa, anajitwika mzigo usio wake, wamsamehe." Luhende alikuwa akitazama viatu vyake. "Wamemfuta, Machibya. Walikuwa wanataka kumsaidia. Mwenyekiti anasema walikuwa wanamtafutia mlango, yeye akaufunga."

Nimekaa hapa na kalamu tangu aondoke. Nimemfundisha mtoto huyu miaka mitatu ya shahada ya kwanza. Nilimfundisha asiandike jambo ambalo hakulipima. Nilimfundisha pia, bila kusema, kama sote tulivyofundishwa, kwamba mkubwa haambiwi amekosea mbele za watu. Leo alitii masomo yote mawili kwa pamoja. Hakuna hata moja nililomwambia linaweza kuachwa.

Barua yangu imemfanya nini? Nimejua sasa. Nilitaka iwe uungwana wangu wa mwisho. Ilimlazimu kuchagua kati ya kujiokoa na kunitaja mimi, mzee anayekufa, mbele ya wanaume saba, kuwa nimemdhulumu. Kama ningemwita kwanza, kama ningemwambia hapa chumbani, "Najua ulichokuja kuomba, nami nilikuzuia kwa makusudi," labda ulimi wake ungefunguka. Sikumwita. Niliona aibu. Nilipeleka kukiri kwangu kwa kamati kwa sababu kamati hainitazami machoni.

13 Desemba

Sijaandika. Sijala.

17 Desemba

Kampuni imetoa toleo la thelathini na mbili. Sabina hakutaka kunionyesha. Nimelazimisha. Sikuhesabu makala za ndani. Mimi bado niko juu.

25 Desemba

Noeli. Luhende na mkewe walikula hapa. Hatukutaja jambo.

2 Januari

Padre amekuja. Nilimwambia yote. Alinisamehe kwa Kilatini kidogo na Kiswahili kingi. Akauliza kama nimeshaongea na mhusika. Nikasema bado. Akasema, "Basi mimi nimefanya nusu."

8 Januari

Nilimtumia ujumbe, amekuja. Jua kali leo, la kwanza tangu mwaka uanze. Sabina alinikalisha kwa mito mitatu.

Paskazia amekonda. Alipiga goti, akanisalimia. Amepata kazi kiwanda cha samaki, kukagua minofu kabla haijafungwa. Alinieleza jinsi wanavyovaa buti na kofia, akacheka kidogo. Mkataba wa chuo umekwisha mwezi uliopita.

Nikasema, "Paskazia, siku ile ulikuja kuomba makala yako."

Akatazama mito yangu.

"Nilijua. Kabla hujakaa nilijua. Nilikumiminia chai ili usipate nafasi ya kusema. Nilitaka jarida litoke na nilitaka wewe uwe wa kwanza ndani yake, maana bila wewe lilikuwa takataka. Nikuombe radhi."

"Profesa, nilishasahau."

"Hujasahau. Nitukane."

"Jamani, Profesa!"

"Ungekuwa umenyang'anywa na mtu wa rika lako, ungefanyaje?"

Akatazama mlango, Sabina hakuwepo. Uso ukambadilika. "Angekuwa wa rika langu," akasema polepole, "ningemfuata mpaka kwake. Ningemwita jina lake akiwa mbele ya watoto wake. Miaka minne! Nimelala kwenye vibanda vya dagaa miaka minne, nimeumwa kichocho, mchumba ameondoka, wale kina mama wananiuliza kila nikifika, 'Kitabu chetu kimetoka?' Ningemwambia..." Mdomo ulibaki wazi. Nilingoja. Nilitamani kuliko hewa. Kisha akaufunga, akapangusa macho kwa kiganja. "Lakini wewe ni Profesa wangu. Haitoki. Nilijaribu hata mbele ya kamati. Haitoki."

"Basi."

"Nimekusamehe, Profesa. Kweli. Pumzika."

Hakuna anayemnyima msamaha mtu mwenye miguu kama yangu. Sijui kama ni msamaha au ni adabu, na nimetambua kwamba sitajua, na kwamba hiyo ndiyo sehemu yangu.

Nikajaribu kumfaa kwa kitu. Nikasema yeye bado kijana, utafiti ni wake, hakuna aliyeufuta. Aanze makala nyingine kutoka mvua za mwaka huu, ambazo zimekuwa mbaya kuliko zote. Aiandike upya, vizuri zaidi, kwa Kiswahili vilevile.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Niandike nimpe nani, Profesa?"

Hakuuliza kwa uchungu. Alitaka kujua. Nilitafuta jina la jarida, la mhariri, la mtu yeyote kati ya hapa na bahari ambaye angeipokea kazi ya dagaa iliyoandikwa kwa lugha ya wanaoanika dagaa. Nilipita kote. Kwa miaka yote hiyo jibu la swali hilo lilikuwa mimi.

Alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akaaga.